Mapato sawa, ushuru tofauti: namna ya kukadiria unafuu wa familia yako nchini Kenya

Chukua nyumba mbili za majirani mjini Nakuru. Katika ya kwanza mume analipwa Sh100,000 kwa mwezi, na mke yuko nyumbani akilea watoto. Katika ya pili mume na mke wote wameajiriwa, kila mmoja kwa Sh50,000. Zote mbili zinaingiza Sh100,000 kila mwezi. Kwa viwango vya 2025, nyumba ya kwanza inalipa PAYE, yaani ushuru unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, ya Sh19,812 na ya pili Sh11,692. Tofauti ni Sh8,120 kwa mwezi, zaidi ya Sh97,000 kwa mwaka, wala hakuna mtu aliyekwepa chochote.

Wengi wakionyeshwa hesabu hii hudhani kuna makosa mahali. Hakuna. Sheria ya ushuru wa mapato Kenya inapotoza mshahara haiangalii nyumba, inamwangalia mtu mmoja mmoja. Haiulizi umeoa au hujaoa, una watoto wangapi, unamlisha mzazi gani kijijini. Kwa hiyo anayetaka kujua familia yake inaweza kuokoa kiasi gani hawezi kuanza na swali la ukubwa wa familia. Aanze na hili: kwa jina la nani pesa zinaingia, na kwa jina la nani zinatoka?

Hesabu ilivyo

Mshahara ghafi wa Sh50,000 hukatwa kwanza vitu vitatu. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 6, yaani Sh3,000. Bima ya afya ya jamii, SHIF, ni asilimia 2.75, yaani Sh1,375. Ada ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani Sh750. Jumla Sh5,125. Zinabaki Sh44,875, na hizo ndizo zinazotozwa ushuru.

Kisha kiasi hicho kinapita kwenye ngazi. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, sawa na Sh2,400. Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, sawa na Sh2,083. Zilizobaki, Sh12,542, hutozwa asilimia 30, sawa na Sh3,763. Ukijumlisha unapata Sh8,246. Hapo ndipo unatoa unafuu wa kibinafsi wa Sh2,400 ambao kila mkazi anayelipa ushuru anao, na PAYE yako inakuwa Sh5,846. Mkononi unabaki na kama Sh39,029.

Ngazi ya asilimia 30 inaendelea hadi Sh500,000 kwa mwezi. Juu ya hapo ni asilimia 32.5 hadi Sh800,000, kisha asilimia 35. Ngazi hizo mbili za juu zililetwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Kila kiwango kinagusa kipande chake tu. Mtu akiongezwa mshahara akavuka kuingia ngazi ya juu, ni ile nyongeza inayotozwa kiwango kipya. Za chini zinabaki palepale. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaoogopa nyongeza ya mshahara wakidhani itawarudisha nyuma.

Turudi Nakuru. Nyumba yenye waajiriwa wawili inatumia ngazi za chini mara mbili na unafuu wa Sh2,400 mara mbili. Sh24,000 kutozwa asilimia 10 badala ya 30 ni Sh4,800. Sh8,333 kutozwa 25 badala ya 30 ni Sh417. Ongeza unafuu wa pili wa Sh2,400, unafika Sh7,617. Tofauti iliyobaki, kama Sh504, inatokana na NSSF: mwaka 2025 makato ya mtu mmoja yalikomea Sh4,320, ilhali wale wawili waliweka Sh6,000 kwa pamoja, na kilichoongezeka nacho kilitolewa kabla ya ushuru. Kikomo hicho hupanda kila Februari kwa mujibu wa ratiba ya Sheria ya NSSF ya 2013, kwa hiyo usitumie karatasi ya mwaka jana kukadiria ya mwaka huu.

Hiyo Sh7,617 ni namba ya kukumbukwa na wanandoa wanaojadili kama mmoja atafute kazi au abaki nyumbani. Kwa mishahara ya kawaida, ukiacha ile tofauti ndogo ya NSSF, ndiyo faida ya juu kabisa ya kuwa na mapato kwa majina mawili badala ya moja. Ukiilinganisha na nauli, mshahara wa yaya na chakula cha mchana mjini, unaweza kuona mara moja kama ushuru una uzito wowote katika uamuzi huo.

Wakenya walio Marekani huchanganyikiwa hapa kwa sababu kule mambo ni kinyume. Mume na mke wanaweza kujaza ritani (fomu ya mwaka ya kutangaza mapato na ushuru) moja kwa pamoja, na kwa mwaka 2025 punguzo lao la kawaida ni dola 31,500 badala ya 15,750 za mtu asiye na ndoa; mzazi anayelea watoto peke yake ana daraja lake, dola 23,625; na mtoto mmoja huleta unafuu wa hadi dola 2,200. Vikokotoo vingi vya mtandaoni vimeundwa kwa mfumo wa aina hiyo. Ukimpelekea dada yako aliye Kisumu kikokotoo kinachouliza idadi ya watoto, umempa jibu la nchi nyingine.

Unafuu wa aina tatu, thamani tatu

Neno "unafuu" linafunika mambo matatu yasiyolingana, na hapa ndipo makadirio mengi huharibika.

La kwanza ni makato yanayotolewa kabla ya ushuru: NSSF na pensheni, SHIF, ada ya nyumba, riba ya mkopo wa nyumba. Thamani yake inategemea ngazi ya juu uliyofika. Shilingi 10,000 za pensheni zinamwokolea Sh3,000 mtu aliye katika asilimia 30, na Sh3,500 aliyevuka Sh800,000. Asiyelipa PAYE haziokolei hata senti.

La pili ni unafuu unaotolewa baada ya ushuru kupigwa. Sh2,400 za kibinafsi ziko hapa, na unafuu wa bima pia: asilimia 15 ya ada unayolipia bima ya maisha, ya afya au ya elimu, usizidi Sh5,000 kwa mwezi. Huu una thamani moja kwa mwenye mshahara mdogo na mkubwa, ilimradi kuna ushuru wa kupunguza. Ukizidi ushuru wako, ziada haikurudii mkononi.

La tatu ni msamaha, ambapo kipande kizima cha mapato hakiguswi kabisa. Huu ndio wenye nguvu kuliko yote, na tutaufikia.

Mtu akisikia kwamba sheria inaruhusu riba ya hadi Sh30,000 kwa mwezi, asidhani serikali inamrudishia Sh30,000. Kwa walio wengi wenye mikopo ya nyumba anaokoa Sh9,000. Zile Sh21,000 nyingine zimetoka mfukoni mwake. Yeyote anayekuuzia bima au pensheni kwa kukutajia kikomo bila kukutajia asilimia anakuacha na picha isiyo kamili.

Desemba waliongeza, Februari wakatoa

Tuchukue mfano halisi unaoonyesha kwa nini badiliko moja la sheria halitoshi kukupa makadirio. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru ya 2024 ilianza kutumika tarehe 27 Desemba 2024. Iliruhusu SHIF na ada ya nyumba zitolewe kabla ya ushuru, ikafuta unafuu wa zamani wa asilimia 15 ya ada ya nyumba, ikapandisha kikomo cha pensheni kutoka Sh20,000 hadi Sh30,000 kwa mwezi, na cha riba ya nyumba kutoka Sh300,000 hadi Sh360,000 kwa mwaka.

Kwa mwenye mshahara wa Sh100,000 hesabu ilikuwa nzuri. SHIF yake ya Sh2,750 ilimwokolea Sh825. Ada ya nyumba ya Sh1,500 sasa ikamwokolea Sh450 badala ya Sh225 za awali. Jumla, Sh1,050 zaidi mkononi. Mwenye Sh50,000 alipata Sh525, na mwenye Sh30,000 Sh251.

Mwezi mmoja baadaye, Februari 2025, NSSF ikapanda. Kikomo cha juu cha mshahara unaokatwa kikatoka Sh36,000 hadi Sh72,000. Mwenye Sh100,000 aliyekuwa akikatwa Sh2,160 akaanza kukatwa Sh4,320. Hata baada ya unafuu wa asilimia 30 juu ya nyongeza hiyo, pesa zake za mkononi zilipungua kwa Sh1,512. Ukilinganisha na alivyokuwa kabla ya Desemba, amebaki na Sh462 pungufu. Mwenye Sh50,000 alipungukiwa Sh63. Mwenye Sh30,000, ambaye NSSF yake haikubadilika, ndiye aliyebaki na faida yake nzima ya Sh251.

Ni kweli NSSF ni akiba ya mtu mwenyewe, tena mwajiri huongeza kiasi kilekile. Lakini familia hupika kwa pesa za mkononi. Makadirio ya bajeti ya nyumba yasichanganye kile utakachokula mwezi huu na kile utakachokiona ukistaafu, hata kama vyote ni vyako.

Nyumba mbalimbali, majibu mbalimbali

Nianze na wanaopata kidogo kwa sababu ndio husahauliwa katika mazungumzo haya. Kwa viwango hivi, mtu mwenye mshahara ghafi usiozidi kama Sh26,700 halipi PAYE, kwani baada ya makato matatu kinachotozwa hakifiki Sh24,000, na unafuu wa kibinafsi unafuta ushuru wote. Hata hivyo mwenye Sh20,000 anakatwa Sh2,050: NSSF 1,200, SHIF 550, ada ya nyumba 300. Hakuna bima wala pensheni anayoweza kuchukua ikampunguzia hata shilingi moja ya hizo. Naliona hili kuwa udhaifu mkubwa wa mfumo wetu. Kila unafuu unaotangazwa bungeni kwa njia ya PAYE unampita mtu huyu, na nyumba yake ndiyo ambayo shilingi mia tano hubadilisha chakula cha jioni.

Kwa viwango vya 2025, mzazi anayelea watoto watatu peke yake kwa Sh100,000 analipa Sh19,812, sawasawa na kijana asiye na mtoto mwenye mshahara huohuo. Njia pekee ambayo watoto wanaingia katika hesabu ni bima. Ada ya bima ya afya au ya maisha inayomhusu yeye, mwenzi wake au mtoto inahesabiwa. Akilipa Sh6,000 kwa mwezi anapunguziwa Sh900. Bima ya elimu nayo inakubaliwa ikiwa muda wake wa kukomaa si chini ya miaka 10. Ukiivunja kabla ya hapo, unafuu uliokwisha kupewa hukatwa katika pesa unazorudishiwa. Kwa hiyo usichukue bima ya elimu kwa ajili ya ushuru kama huna uhakika wa kuilipa miaka yote hiyo. Asilimia 15 haifidii hasara ya kuvunja mkataba katikati. Na SHIF usiihesabu humu: imekwisha kutolewa kabla ya ushuru.

Wanandoa wenye mishahara isiyolingana ndio wanaopoteza pesa kimyakimya. Tuseme mke anapata Sh26,000 na mume Sh150,000, na wanalipia bima ya afya ya familia Sh8,000 kwa mwezi. Bima ikiwa kwa jina la mke, unafuu wake ni sufuri, kwani hana ushuru wa kupunguza. Ikiwa kwa jina la mume, ni Sh1,200 kila mwezi, Sh14,400 kwa mwaka, kwa watu walewale, hospitali zilezile na ada ileile. Kinyume chake pia hutokea: mke ndiye mwenye mshahara mkubwa, lakini kwa mazoea mikataba ya nyumbani huandikwa jina la mume. Kabla ya kusaini, kaeni chini muulizane nani analipa PAYE zaidi.

Kwa mkopo wa nyumba uzito wa jina ni mkubwa zaidi. Anayepata Sh100,000 na kulipa riba ya Sh25,000 kwa mwezi anaokoa Sh7,500. Anayepata Sh50,000 na kulipa riba ya Sh15,000 hapati asilimia 30 kamili ya riba hiyo. Sehemu ya mwisho inaangukia ngazi ya asilimia 25, hivyo anaokoa Sh4,377. Mkopo lazima uwe wa taasisi ya fedha inayotambuliwa na sheria, kwa nyumba moja unayoishi mwenyewe. Tangu Julai 2025, Sheria ya Fedha ya mwaka huo imeingiza pia mikopo ya kujenga, jambo lililokuwa limewaacha nje wengi wanaojenga katika kiwanja chao badala ya kununua nyumba iliyokamilika. Kumbuka kwamba ni riba tu inayohesabiwa, si mkopo wenyewe. Miaka ya mwanzo riba ni sehemu kubwa ya malipo, kisha hupungua kila mwaka, na unafuu unapungua nayo. Aliyepanga bajeti ya miaka 15 kwa unafuu wa mwaka wa kwanza atajikuta na pengo. Omba benki ikupe taarifa ya riba ya kila mwaka na ukadirie mwaka kwa mwaka.

Pensheni ya hiari ndiyo njia iliyo wazi kwa karibu kila anayelipa PAYE, na nadhani haitumiki inavyostahili. Mwenye Sh100,000 akiongeza Sh10,000 katika mfuko uliosajiliwa, pesa zake za mkononi zinapungua Sh7,000 tu. Kikomo cha Sh30,000 kinajumlisha NSSF, na mchango usizidi asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa kwa pensheni. Lakini pesa hizo zimefungwa. Nyumba isiyo na akiba ya hata mwezi mmoja ya dharura isianzie hapa.

Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu na kupewa cheti cha msamaha na KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, hatozwi ushuru kwa Sh150,000 za kwanza za kila mwezi. Kwa viwango vya 2025, mwenye Sh100,000 anaokoa zile Sh19,812 zote, karibu Sh238,000 kwa mwaka. Mwenye Sh200,000 anaokoa Sh45,000 kila mwezi. Hakuna pensheni, bima wala riba inayokaribia hapo. NSSF na SHIF zinaendelea kukatwa, na cheti kina muda wake, lazima kihuishwe. Naandika haya kwa mkazo kwa kuwa wapo walimu, makarani na wauguzi wanaofanya kazi miaka mingi bila cheti, ama kwa kutojua, ama kwa kuchoshwa na safari za ofisini. Kama yuko mmoja katika familia yako, msaidie kuipata hati hii kabla hujampa ushauri mwingine wowote wa fedha.

Kwa wazee: pensheni ya aliyetimiza miaka 65 haitozwi ushuru, na marekebisho ya Desemba 2024 yaliufikisha msamaha huo kwa aliyestaafu kwa umri unaotambuliwa na mfuko wake. Lakini vyumba vya kupangisha vina hesabu yake. Kodi ya pango unayopokea, ikifikia kati ya Sh288,000 na Sh15,000,000 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya mapato ghafi, bila kutoa gharama za ukarabati. Bibi anayepokea Sh40,000 kwa mwezi hulipa Sh36,000 kwa mwaka. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA akachagua kutozwa kwa ngazi za kawaida. Ikiwa gharama zake halali ni Sh150,000 na hana mapato mengine ya kutozwa, ushuru wake ungekuwa Sh10,500. Ila mwajiriwa aliye tayari katika asilimia 30 mara nyingi hufaidika kubaki na ile 7.5. Uamuzi uleule, nyumba mbili, majibu mawili.

Kudai kilicho chako

Tangu Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri aingize makato, unafuu na misamaha yote inayokuhusu anapopiga PAYE. Hawezi kukisia una bima au mkopo, kwa hiyo mpelekee hati za bima, taarifa ya riba kutoka benki, na cheti cha msamaha kama kipo. Kisha angalia hati ya mshahara ya mwezi unaofuata uone kama PAYE imeshuka kwa kiasi ulichokadiria.

Isiposhuka, njia iliyobaki ni ritani ya mwaka kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, mwisho wake 30 Juni. Chukua fomu ya P9, yaani muhtasari wa mshahara na PAYE yako ya mwaka, kutoka kwa mwajiri, jaza kiasi cha bima, pensheni na riba katika sehemu zake, na mfumo utaonyesha kama ulilipa zaidi. Ritani ya miaka iliyopita inaweza kusahihishwa, na ushuru wa mapato uliolipwa zaidi unaweza kudaiwa ndani ya miaka mitano tangu siku ulipolipwa. Aliyekuwa akilipia bima tangu miaka mitatu iliyopita bila kuidai bado hajachelewa.